Tazama Pembeni Yake

Kibao cha kukatia nyama kilimpata Vetaruhe Kandjou begani, na kingempata usoni kama asingeinama. Aliinama kwa namna iliyowachekesha watu wote wa soko la nyama choma la Katutura: jitu zima, shingo nene kama gogo, limechuchumaa katikati ya majiko na moshi, limefunika jicho la kulia kwa viganja vyote viwili kama mtoto anayecheza kombolela.

Mwizi aliyelengwa alikuwa ameshapita. Alikamatwa langoni, akapigwa na wauza nyama mpaka akalala, na simu aliyoiba ikarudishwa kwa mwenyewe ikiwa na damu. Mwenyewe ni Rauna, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sketi ya waridi yenye mistari ya kwao kaskazini, na aproni iliyolowa mafuta. Aliifuta simu kwenye aproni akamwangalia yule jitu anayejiinua.

"Samahani, kaka. Nilimlenga yule."

"Ungenipiga jicho."

"Mwanaume mzima unaogopa kibao?"

"Nipige pengine popote. Hata sasa hivi. Jicho hili, hapana."

Rauna alidhani anatania. Akamkatia nyama ya bure, akamsogezea chumvi na pilipili, na Vetaruhe akala amesimama huku akimweleza. Alikuwa bondia. Katika pambano lake la mwisho, mtu wa Walvis Bay alilipiga jicho lake la kushoto mpaka katikati yake pakafa. Akimtazama mtu kwa jicho hilo anaona masikio na nywele, lakini uso haupo, pana doa jeusi tu. La kulia nalo lilichanika kwa ndani, likashonwa. Daktari alimwambia wazi kwamba ngumi moja nyingine na jicho limekwenda. Ndipo alipoacha ngumi akawa mchomelea vyuma kwenye gereji ya kunyoosha mabodi ya magari.

"Na hilo lililobaki unalitunzia nini hivyo?" Rauna aliuliza.

"Usiku natazama mbinguni. Nina darubini."

Hakuwa na kadarubini ka mkononi. Kioo chake kilikuwa na upana wa nusu mita, alikinunua kwa mzee wa Kijerumani aliyekuwa anahama, na mwili wake wa mabomba aliuchomelea mwenyewe. Ilikuwa ndefu hivi kwamba lazima upande ngazi kulifikia tundu la kutazamia. Rauna alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mherero asiye na ng'ombe, ana bomba. Baba yako anajua?"

"Alinipa ndama wawili nianzishe zizi. Niliwauza nikanunua kioo."

"Akakupiga?"

"Kwa fimbo. Nilifunika jicho."

Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia, kwenye kipigo na kicheko. Vetaruhe akawa anakula kwake kila siku mchana, na usiku wanapigiana simu mpaka chaji iishe. Alimwita Kaa la Moto. Rauna alimwita Bomba Langu, mbele za watu, bila haya. Vetaruhe alipomweleza kwamba sehemu ya anga anayoipenda kuliko zote Wazungu waliipa jina la Tanuri, na kwamba ndani yake kuna galaksi zimejaa kama punje lakini hafifu kuliko moshi, Rauna alimwambia tanuri analo kazini, na la kwake angalau linaivisha.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuwaharibia. Tuhafeni alikuwa mbeba nyama, yule anayeshusha mizoga kwenye lori alfajiri na kuitundika kwenye kulabu nyuma ya soko. Aliwahi kuishi na Rauna. Alikuwa akimpiga, naye Rauna siku moja alimtoa nyumbani kwa kisu cha kazi. Tangu hapo akilewa huenda kusimama mtaani kwa Rauna, Wanaheda, na kutangaza kwamba mlango ule ni wake.

"Akija, nipigie," Vetaruhe alimwambia. "Hata iwe saa nane usiku. Nitakuwa hapo kabla hajamaliza kutukana."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Na aliahidi kwa moyo. Lakini ilipofika Jumamosi isiyo na mwezi ya Oktoba, alipakia darubini kwenye pikapu akaenda shambani kwa mzee Gerhard, nje ya mji kupita uwanja wa ndege, kama alivyofanya Jumamosi zote zisizo na mwezi. Wapenzi wa darubini walikutana huko, watu wachache wagomvi, na kiwanja chao kilikuwa na sheria moja iliyopita zote: mwanga mweupe ni marufuku. Jicho huchukua nusu saa kulizoea giza, na cheche moja ya taa hulirudisha mwanzo. Walitumia tochi nyekundu tu. Mwaka uliopita mtu aliwasha taa za gari kwa kusahau akavunjwa pua na mwenzake, na hakuna aliyemwonea huruma. Kwa hiyo langoni palikuwa na sanduku la bati. Kila aingiaye huizima simu yake na kuitumbukiza humo, na Gerhard hufunga kwa kufuli mpaka asubuhi.

Vetaruhe alitumbukiza yake huku akiongea habari za upepo. Mkono ulifanya ulivyozoea. Ahadi haikumjia akilini hata kidogo.

Anga ilikuwa safi kuliko mwaka wote. Alikaa juu ya ngazi mpaka miguu ikafa ganzi, akihesabu vile vijiukungu vya Tanuri, kimoja baada ya kingine, akiwa na furaha ya kijinga.

Asubuhi Gerhard alifungua sanduku. Simu ya Vetaruhe ilipowaka ilianza kutetemeka kiganjani, na haikuacha. Jina la Rauna lilijaza kioo kuanzia juu mpaka chini.

Alimkuta kwa dada yake. Tuhafeni alikuwa amevunja mlango wa kule Wanaheda kwa shoka. Uso wa Rauna ulikuwa umevimba upande mmoja, mdomo umeshonwa, na mkono wa kulia, ule wa kisu, ulikuwa ndani ya plasta; vidole vyake vilikanyagwa kwa buti juu ya sakafu ya saruji. Amevaa gauni la dada yake, jipana, na ndani yake alionekana mdogo.

"Nilipiga, hupokei," alisema polepole, kwa sababu ya mdomo. "Nikasema atapokea hii. Nikasema basi hii. Simu ilikuwa imezimwa, Vetaruhe. Ulizima usinisikie."

"Sikuzima kwa ajili yako. Ni sheria ya kule, tunaziweka..."

"Ulikuwa unatazama nini?"

Vetaruhe alisema ukweli, maana hakujua kusema kitu kingine. "Galaksi. Zile za Tanuri."

"Ulisema mwanga wake umetembea miaka mingapi?"

"Milioni sitini."

"Umekungojea miaka milioni sitini, usingeweza kungojea usiku mmoja tena?"

Dada mtu akafungua mlango, na Vetaruhe akatoka.

Mwenye akili angekwenda polisi. Vetaruhe alikwenda nyuma ya soko. Jumatatu alfajiri alimkuta Tuhafeni anatundika mzoga, aproni yake ya mpira imejaa damu, na hakumpa salamu. Ngumi ya kwanza ilimvunja taya. Ya pili ilimlaza kwenye maji ya kuoshea nyama. Alimwinua kwa kola akampiga tena, na tena, akihesabu vidole vya Rauna, mpaka wabebaji wengine wakaanza kulia kwamba basi, ataua. Miaka ile yote ulingoni hakuwahi kumpiga mtu kwa chuki, na sasa alishangaa jinsi ilivyo rahisi. Alipomwachia na kugeuka, alisahau jambo ambalo kila bondia hufundishwa siku ya kwanza, kwamba mtu aliyelala chini bado ana mikono. Tuhafeni aliokota mfupa wa paja uliogandishwa akautupa kwa nguvu zote. Vetaruhe alisikia sauti, akageuza uso kutazama, na safari hii mikono haikuwahi.

Hospitalini walilitoa jicho la kulia. Lilikuwa limepasuka.

Polisi walimchukua Tuhafeni na taya lake lenye waya kwa kesi ya shoka na vidole. Vetaruhe walimsomea onyo, wakaona bandeji, wakaondoka. Jioni muuguzi alimwekea simu sikioni. Alikuwa Rauna.

"Nilikuomba ushike simu," alisema. "Sikukuomba ushike mtu."

Kisha akakata.

Alirudi nyumbani akiwa na jicho moja lenye doa jeusi katikati. Kuchomelea vyuma kukawa kumekwisha. Gereji ikampa kazi ya kufagia na kufungua lango. Aligonga vikombe. Aliwasalimia watu kwa majina ya wengine. Darubini ilikuwa uani chini ya turubai, na kila alipopita aliigusa, na kila alipoigusa hasira ilimpanda, mpaka Jumapili moja akatoa nyundo ya gereji, akavuta turubai, akafungua kifuniko cha kioo. Alijiona mle ndani: masikio mawili na bandeji, uso hakuna. Akainua nyundo.

Simu ikalia mfukoni.

Alisimama na nyundo juu. Simu ikaendelea. Angeweza kupiga kwanza akapokea baadaye. Pigo ni la sekunde moja. Aliishusha nyundo, akaiweka chini taratibu isigonge kitu, akapokea.

"Umepokea," Rauna alisema, kama aliyeshindwa dau.

"Nimepokea."

"Unafanya nini?"

"Nilitaka kuvunja kioo."

"Usikivunje. Nataka nikaone kwanza nilipigwa kwa ajili ya kitu gani."

Alimpeleka Jumamosi iliyofuata isiyo na mwezi. Rauna ndiye aliyeendesha pikapu, plasta imeshatoka, vidole viwili vimekataa kukunjika. Alivaa ile sketi ya waridi na koti zito la kijeshi la kaka yake. Langoni Gerhard aliwasogezea sanduku la bati, mle ndani simu za watu zimelala gizani kama samaki. Rauna aliliangalia muda mrefu.

"Ndimo humu ilimokuwa?"

"Humo," Vetaruhe alisema.

"Na kufuli?"

"Na kufuli," Gerhard akajibu.

Aliinama kidogo kama anayesikiliza kitu mle ndani. Alipoinuka, macho yalikuwa na maji na ulimi ulikuwa mkali. Alimwambia yule mzee kwamba simu yake haitaingia humo, wala ya huyu mwanaume, na anayebisha aje amnyang'anye. Ameshapigwa na mkubwa kuliko yeye. Gerhard, aliyekuwa hajabishiwa langoni kwake, alikuna kichwa. Kisha akaingia ndani akarudi na karatasi nyekundu za pipi na gundi. Walivifunika vioo vya simu zote mbili mpaka mwanga ukawa mwekundu kama kaa linalozimika.

Walisimamisha darubini. Vetaruhe alimwelekeza kwa maneno, Rauna akasukuma bomba, mpaka likaangalia palepale. Alipanda ngazi, akaweka jicho.

"Sioni kitu. Giza tu."

"Usikitazame. Tazama pembeni yake. Katikati ya jicho haioni vitu hafifu, pembeni ndiko kunakoona."

Rauna akageuza jicho kidogo pembeni.

"Kapo. Kama pumzi kwenye kioo cha dirisha." Akasogea. "Nikikatazama kanapotea." Alirudia mara nyingi, akikapoteza na kukapata, huku akinong'ona kwa lugha ya kwao. Aliposhuka alimwambia sasa apande yeye.

"Nipande nikafanye nini? Jicho lenyewe ni bovu."

"Panda."

"Rauna, katikati pamekufa."

Alimpiga kibao cha shavu, kwa mkono ule mbovu, kikaumiza mkono kuliko shavu. "Umesema katikati haina kazi. Ulikuwa unanidanganya?"

Alipanda. Alikuwa hajawahi kuweka jicho la kushoto pale hata siku moja. Kwake lilikuwa mzoga. Doa jeusi lilijaza tundu lote. Akaacha kupigana nalo. Akaliacha likae palipokuwa pake, akasubiri, na pembeni ya doa, taratibu, kikatokea kijiukungu. Kisha cha pili. Kisha vikawa vingi, vimetawanyika kama unga uliomwagika. Jicho la kulia halikuwahi kumwonyesha vingi hivyo. Siku zote lilikuwa linakodoa.

Simu ikalia kifuani pake.

Kiwanja kizima kikageuka. Mtu mmoja alitukana kwa Kijerumani, mwingine akauliza nani afe leo. Vetaruhe alining'inia juu ya ngazi kwa mkono mmoja, akatoa simu, nyekundu kama kaa, akapokea.

"Nani?"

"Mimi," Rauna alisema sikioni, na papo hapo sauti ikasikika kutoka chini ya ngazi. "Najaribu tu."

Aliangalia chini. Moja kwa moja hakumwona, alikuwa doa. Akageuza uso kidogo, kama anayetazama kitu kingine, na hapo akamwona wote: koti, sketi, uso umeinuliwa, mwanga mwekundu shavuni.

"Unaniangalia kwa pembeni kama mwizi," alisema Rauna kwenye simu.

"Ndiyo namna ya kukuona. Itakuwa hivi mpaka tuzeeke. Utavumilia?"

"Unanichumbia ukiwa juu ya ngazi?"

"Ndiyo."

"Na nikikupigia?"

"Nitapokea."

Gerhard alipiga kelele kutoka gizani kwamba ama wafunge simu ama waoane, watu wanataka kutazama. Rauna alisema, bila kukata, kwamba posa ya Mherero ni ng'ombe, siyo mabomba, kwa hiyo ajiandae. Kisha akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, vidole vibovu na vizima, isiteleze, na Vetaruhe akaanza kushuka.