Kamba Nyeusi ya Mtemi Kalunde

Siku ile mpumbavu alikuwa yeye. Fundi Msabaha hakumsingizia jini, wala nyota, wala mpishi wa msafara. Hata alipozeeka, meno yamebaki ya kuhesabika, akiulizwa habari za vita vya Ulimba alianza vivyo hivyo: "Mpumbavu nilikuwa mimi. Haya, kaeni sasa niwasimulie."

Ilikuwa zama zile pembe za ndovu ziliposhuka pwani mabegani mwa watu, na nguo za merikani, shanga na baruti zikapanda bara kwa njia ile ile. Msabaha alikuwa mwonja tumbaku katika msafara wa Mwinyi Salehe, mtu wa Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa kuvuta kabla ya wenzake na kutoa hukumu: hii ni njema, hii imelala na mvua, hii imechanganywa na majani ya mbaazi na aliyeileta asipewe hata maji. Watu walimheshimu kwa pua yake, naye aliiheshimu kuliko wote.

Mdogo wake, Makame, alikuwa mpagazi wa pembe katika msafara huo huo. Mama yao alipokufa hakumwachia Msabaha shamba wala mnazi. Alimwachia Makame. Na Makame kazi yake ya pili, baada ya kubeba, ilikuwa kumtania kaka yake.

"Kaka, pua hiyo imeshafika Ujiji. Sisi wengine tutafika lini?"

"Itawangojeni," Msabaha hujibu. "Ninyi bebeni tu."

Tumbaku moja ndiyo aliyopenda kuitaja kuliko zote, ile ya Vajinia, inayotoka ng'ambo ya bahari kuu katika merikebu za Wamarekani, imesokotwa ikawa kamba nyeusi nene kama kidole gumba. Ukweli ni kwamba aliipata mara moja tu, forodhani, alipopita karibu na pipa lililopasuka, akanusa, akafukuzwa. Kwa mnuso ule mmoja alijipatia ubingwa wa miaka saba.

Msafara ulipofika Ulimba, nchi ya Mtemi Kalunde, ugomvi ulizuka kisimani. Wapagazi na wateka maji wa mji waligombania zamu, mkuki ukaruka, na kabla ya jua kutua watu watatu walikuwa wamelala wasiamke tena. Mwinyi Salehe akakishika kisima kwa bunduki. Mtemi Kalunde akafunga lango la boma lake la magogo na minyaa, na ghala zote za mtama zikiwa ndani. Hivyo wenye maji hawakuwa na chakula, na wenye chakula hawakuwa na maji, na kila upande ukawa unangoja mwenzake afe kwanza. Siku nane walikaa hivyo. Ndani ya boma watoto walilamba umande juu ya minyaa. Nje, wapagazi walichemsha ngozi za viatu.

Siku ya tisa mjumbe alitoka na jani bichi mkononi. Mtemi alitaka sulhu kwa desturi ya Ulimba: mgeni huvuta tumbaku ya mwenyeji mbele ya pande zote mbili, kisha husema kweli aliyoikuta ndani yake. Kinywa kilichosema kweli juu ya moshi, walisema, kitasema kweli juu ya amani. Na mpaka hapo kila upande ungemweka mtu wake kwa mwenzake awe amana. Mtemi alimtoa mpwa wake.

"Mimi nitaingia kwao," alisema Makame. "Mwonja ni kaka yangu. Akishindwa yeye, nani mwingine ataniua kwa aibu?"

Watu wakacheka, kicheko cha wenye njaa, kisichofika tumboni. Makame akaingia langoni akipunga mkono.

Jua la utosini, Mtemi Kalunde akatoka na wazee wake mpaka uwanja ulio kati ya boma na kambi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kaniki mpya na ngozi ya chui begani, na midomo iliyopasuka kwa kiu kama ya watu wake. Akafunua chungu. Ndani, katika majani mabichi ya mgomba, mlikuwa na kamba nyeusi iliyozungushwa kama nyoka aliyelala.

"Baba yangu aliitoa pembe nzima kwa kamba hii," alisema. "Ni ya Vajinia. Haijakatwa tangu tumzike, na majani haya hubadilishwa kila mwezi isije ikawa vumbi. Nasikia mwonja wenu anaijua."

"Naijua kama ninavyomjua mdogo wangu," alisema Msabaha.

"Basi na namna ya kuivuta waijua."

"Mtemi, mimi sifundishwi kiko."

Mtemi akamtazama kidogo, kisha akampa kisu.

Msabaha akakata kipande kinene kama kifungo cha joho. Kilikuwa kizito, kinanata vidoleni, kimelewa unyevu wa miaka. Akakishindilia kikoni vile vile na kuweka kaa la moto. Kiko kikakataa. Akavuta kwa nguvu kama ndama aliyechelewa kunyonya, na maji yakatokota ndani ya mwanzi, na mvuke wa moto ukampiga ulimi kama pilipili iliyosagwa na wembe. Machozi yakamtoka. Mamia ya macho yalikuwa yakimtazama.

Hapo alikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa "sijui". Ni neno jepesi, mtoto hulisema kutwa. Lakini Msabaha alikuwa amelikalia miaka saba, na lilikuwa limeota mizizi.

Akatema mate. "Imetiwa kitu," akasema.

Mwinyi Salehe akasimama, na bunduki zikasimama pamoja naye. Ngao za Ulimba zikagongana. Mtemi Kalunde alikiokota chungu chake, akakifunika polepole kama mtu anayefunika uso wa maiti, akarudi ndani na wazee wake. Lango likafungwa, na Makame nyuma yake.

Alasiri ngoma ya vita ikaanza kulia kambini, ikalia hata mtu hakumsikia aliye ubavuni pake. Msabaha alilala tumbo chini nyuma ya mizigo, karibu na Mwinyi Salehe, ulimi umevimba, pua imeungua, anahesabu magogo ya boma kana kwamba mdogo wake yuko nyuma ya mojawapo. Mara nyasi ndefu zilizo kando ya lango zikatikisika. Juu ya nyasi hizo ukapanda moshi mwembamba wa samawati, ukisogea kuja kwao.

Watu wa Ulimba walikuwa na bunduki chache za kizamani, zile zinazowashwa kwa mrao, utambi ufukao polepole mpaka uguse baruti. Mwinyi Salehe akalenga. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akaweka kinywa sikioni pa Msabaha.

"Fundi, pua yako yasemaje? Ni mrao huo, au si mrao?"

Msabaha akavuta hewa. Hakunusa kitu. Pua yake ilikuwa imekufa tangu adhuhuri.

"Mrao," akasema.

Bunduki ikalia. Moshi ukashuka ndani ya nyasi. Na upepo, uliokuwa umekaa kimya kutwa nzima, ukageuka ukawajia usoni, na hata pua iliyoungua haikuweza kuikosa harufu ile: tende zilizoiva, na majani makavu ya malisho, na utamu kama wa asali iliyokaribia moto. Hakuna mrao unaonukia hivyo. Alikuwa ameinusa mara moja katika maisha yake, penye pipa lililopasuka.

Akaruka mizigo, akakimbia. Hakuna aliyempiga kutoka kwenye boma.

Makame alikuwa ameanguka chali. Mkono mmoja ulishika kamba nyeusi, umenyooka kama wa mtu anayeonyesha samaki aliyemvua. Kiko kilikuwa kando ya shavu lake, bado kinafuka, kimevutwa vizuri, majivu yake meupe kama unga.

Vita viliishia pale. Mwinyi Salehe aliiweka bunduki chini asiitazame. Usiku haujaingia, lango likafunguliwa, mpwa wa Mtemi akarudishwa kwao, wanawake wa Ulimba wakateka maji na wapagazi wakapewa mtama, na hakuna aliyegombania zamu. Pwani husimuliwa mpaka leo kwamba Mwinyi Salehe aliitia Ulimba adabu kwa risasi moja. Ulimba husimuliwa kwamba watu wa pwani waliomba radhi kwa njaa. Kamba haitajwi kokote.

Kesho yake walimzika Makame kando ya kisima. Watu walipotawanyika, Mtemi Kalunde alibaki, na Msabaha alibaki, amekaa juu ya udongo mpya na ile kamba magotini.

"Aliivuta mbele yangu kiko kizima," alisema Mtemi. "Akasema, kaka yangu amekosea, niacheni nitoke nimwonyeshe. Nikamfungulia. Tulimwambia apaze sauti. Alipaza. Ngoma yenu ilikuwa kubwa zaidi."

Msabaha, kwa kuwa huzuni hutafuta mtu wa kumtwisha, akainua uso.

"Aliikata nyembamba," alisema. "Nimeona kikoni. Aliikata kama ukucha, akaifikicha, akaianika mpaka ikakauka. Makame hakuwa mwonja, Mtemi. Makame alikuwa mbeba pembe. Asingeyajua hayo. Ninyi mlimwambia."

Akamnyooshea Mtemi kidole.

"Mimi nilisimama mbele yako na kisu chako mkononi. Uliniona nikikata, uliniona nikishindilia. Neno moja tu, Mtemi. Ngoja ikauke. Mbona yeye mlimwambia, na mimi hukuniambia?"

Mtemi Kalunde aliinama, akaichukua ile kamba magotini pa Msabaha, akaipangusa udongo.

"Nduguyo naye hakuambiwa," alisema. "Aliuliza."