Mifuko Iliyoshonwa Midomo

Siki haikuwamo nyumbani, lakini chumba cha cherehani kilinuka siki. Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, akanusa kitambaa, akanusa ukuta, kisha akamgeukia yule ambaye yeye alikwisha kumshuku kabla pua haijamaliza kazi yake: mdogo wake, Bingwa, aliyeketi mlangoni akitia vifungo kwenye mashati ya wateja.

"Umerudia?"

"Sijarudia, dada."

"Nitazame."

Akamtazama. Macho yalikuwa maangavu, na hilo lilimpa Fundi wasiwasi zaidi, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naye aliumwa kwelikweli. Unga aliokuwa akivuta Bingwa, ule wa kulevya unaonuka siki, ulikuwa umekula mashine ya pili, ukala redio, na majirani walitania kwamba ulikula hata pasi ingali na moto. Bingwa alipotoka matibabuni amenona mashavu, dada yake alimpokea kwa kiapo: ukirudia, mlango huu si wako tena. Alimpenda, na alijua kwamba akimfukuza atamzika.

Basi akamlinda kwa njia aliyoijua. Alishona midomo ya mifuko ya nguo zake zote, mbele na nyuma, asipate pa kufichia kitu. Ndani ya suruali moja kuukuu alikuta kete ya unga, kijifuko cha nailoni kisichozidi ukucha. Hakuitupa. Aliitia kwenye mfuko wa aproni yake iwe ushahidi, na kila shaka ilipomjia aliipapasa ahakikishe bado ipo.

Mchana huo alikuwa amelamba kidole alainishe ncha ya uzi, mara ukaja mkwaruzo wa kucha juu ya kitambaa, karibu sana, halafu sauti ya Bingwa, si huyu wa sasa bali yule wa utotoni aliyekuwa akiomba amegewe mkate, ikasema dada, kidogo tu, ikasema tena dada, kidogo tu, na Fundi akainua uso kwa hofu akamwona ndugu yake amebana uzi kwa meno, midomo imefumba, akiendelea na kifungo chake kama mtu asiyesikia lolote, huku siki ikizidi kumpanda yeye puani mpaka machozi yakamlenga.

"Toka," alinong'ona. "Kusanya nguo zako."

"Nimefanya nini, dada?"

"Unalijua ulilotuletea humu."

Bingwa alikuwa akifunga furushi alipoingia mama mmoja, mteja aliyekuja kujaribu gauni. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kutoa majini. Alisita kizingitini, akanusa, akamwekea Bingwa kiganja utosini.

"Huyu ni mtupu," alisema taratibu. "Alikuwa na jini, amemhama."

"Amehamia wapi, mama?"

"Mkono wako uko wapi, mwanangu?"

Fundi akautafuta mkono wake. Ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na hakukumbuka kuutia. Alipoutoa, kucha zilikuwa nyeupe. Kete ilikuwa imetoboka zamani, na kila alipoipapasa alirudi kulamba kidole apate kutunga sindano.

Aproni ilichomwa uani. Ndani ya moto kitu kililia kwa sauti ya kitoto, kisha kikanyamaza, na harufu ya siki ikakoma. Fundi alimwomba Bingwa radhi huku akilia waziwazi, akamfungulia furushi kwa mikono yake. Yule mama alimwonya jambo moja: lililozoea kubebwa hutafuta mbebaji.

Siku zilipita kwa amani. Asubuhi moja Bingwa alirudi kutoka dukani na vifungo, akamkuta dada yake amekaa sakafuni katikati ya suruali zake zote. Mifuko ilikuwa imefumuliwa, mmoja baada ya mwingine, imegeuzwa nje. Wembe ulikuwa mkononi mwake, naye alikuwa akilamba mishono.

Bingwa aliweka vifungo chini polepole.

"Dada," alisema. "Nitazame."

Fundi hakuinua uso.

"Kidogo tu," alisema, kwa sauti ya mtoto.