Salamu za Saa Moja Jioni

Saa moja jioni simu ililia juu ya cherehani. Bibi akaacha kushona, akavaa miwani. Ujumbe ulikuwa uleule wa kila siku kutoka kliniki: "Habari za jioni? Tunasubiri jibu lako." Haukutaja dawa wala ugonjwa, ili mtu mwingine akiusoma asijue kitu. Ulikuwa wa mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi. Alitakiwa ameze kidonge chake kwanza, kisha ndipo ajibu.

Mjukuu huyo, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku, alikuwa nje akiruka kamba na wenzake. Zamani Bibi alikuwa akimwita aje ameze. Siku moja alichelewa kuja, na Bibi, ambaye tangu azaliwe hajaacha salamu bila jibu, akaona haya. Akaandika kwa kidole kimoja: "Njema, mwanangu. Sisi wazima. Watoto hawajambo?" Basi akazoea kujibu mwenyewe, akiamini mtoto atameza akirudi. Chiriku naye akanogewa na kamba. Siku nyingine alimeza, siku nyingine alipitiwa na usingizi, na kwa Bibi hakusema neno.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Walipokwenda kliniki, muuguzi alimimina vidonge kwenye sahani, akakuta kumi na kimoja vimezidi. Kipimo cha damu nacho kilionyesha virusi vimeongezeka. Akafungua kompyuta, akashangaa kuona majibu yamekuja kila jioni bila kukosa. Alipoyasoma alicheka hadi machozi. Kompyuta ilikuwa imeulizwa habari za watoto mwezi mzima, na jana yake imeombwa iwasalimie wa nyumbani.

"Kumbe siku zote nasalimiana na mashine?" Bibi akauliza, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilipokwisha, muuguzi aliuliza vile vidonge kumi na kimoja vimetoka wapi. Bibi akasema huenda mfamasia alikosea kuhesabu. Njia ya kujificha ilikuwa wazi kabisa, na Chiriku aliiona.

"Mfamasia hakukosea," akasema. "Nilikuwa simezi. Nisamehe, Bibi."

Muuguzi hakumgombeza. Alimweleza kwamba ukiruka siku, virusi huizoea dawa, na mwishowe dawa hushindwa. Wakakubaliana: saa moja ikifika simu ishikwe na Chiriku, ameze, halafu ajibu mwenyewe. Bibi alipewa namba ya muuguzi, asalimie mpaka achoke.

Haikuwa rahisi kuiacha kamba inapochezwa vizuri, lakini kila jioni Chiriku alitoka mbio, akameza, akajibu, akarudi kuruka. Baada ya miezi mitatu walirudi kupima. Muuguzi aliwatolea karatasi huku anatabasamu: virusi vilikuwa vichache mno, hata kipimo hakikuviona. Bibi akapiga vigelegele, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaitikia bila kujua sababu. Chiriku akarukaruka kwa furaha.

"Utaendelea kumeza kila siku, usidanganyike na karatasi hii," muuguzi akamwambia. "Simu hukumbusha tu, haijui kama umemeza. Sisi tulijua kwa sababu ulisema kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulifichua mapema, mwanangu, ndiyo maana leo tunashangilia."