Mashine Iliyopewa Jina la Wachuka

Binamu yangu Mwai ni mtu wa majivuno yasiyo na kazi. Nasema mapema ili msije mkamhurumia kabla ya wakati. Jumamosi moja alasiri tulikuwa kwake mtaani Skuta tukinywa chai, jua likiwaka vizuri, mkewe Anita akiwa na mimba kubwa, na bwana huyo hakuona la maana la kutuambia ila habari za rauta yake, kile kisanduku cha kugawa intaneti.

Ati kila kifaa nyumbani, kuanzia simu hadi televisheni, hupewa namba na rauta. Namba hizo hubadilika, na nani atazikariri? Kwa hiyo rauta huweka pia majina. Ukiliita jina, inakupeleka kwenye namba ya wakati huo. Haya, tukaelewa. Sisi wauza viazi wa Karatina nasi tuna vichwa.

Kisha akatuonyesha kisanduku cheusi cha kuhifadhia picha za familia. Alikuwa amekipa jina la marehemu mama yake, Wachuka.

Shangazi yetu Kagure akaweka kikombe chini. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na ndivyo nyanya anavyorudi nyumbani. Tumbo la Anita lilikuwa hapo mbele yetu.

"Wee Mwai," akanong'ona, "hiyo jina iko na mwenyewe. Ukiipatia mashini, mtoto atapewa gani?"

"Tata, hii ni mambo ya network. Wewe endelea na shamba lako la kahawa huko Gakindu."

Akacheka. Kucheka anajua, mjinga yule.

Msichana akazaliwa, akaitwa Wachuka. Alikuwa mnene, mzuri. Sufuria ikianguka, anageuka. Mbwa akibweka, anageuka. Ukimwita jina lake, hageuki. Hospitalini wakasema masikio ni mazima, naye Mwai akasema atazoea tu. Anita ndiye aliyegundua: kila alipomwita mtoto, taa ya kisanduku iliwaka na kuzimika.

Aliniita nikaone.

"Wachuka," nikasema polepole.

Mtoto hakugeuka. Taa ikawaka, ikazimika.

Mwai, fundi wetu, akachomoa waya wa kisanduku.

Mtoto akalegea. Mikono ikaning'inia. Midomo ikabadilika rangi. Hakuwa akipumua.

"Rudisha!" Anita akapiga nduru.

Mwai akarudisha waya. Taa ikawaka. Mtoto akavuta pumzi.

Tangu siku hiyo mtaalamu wetu aliishi akiomba stima isipotee. Alinunua betri, akaongeza nyingine, akahamishia godoro lake sebuleni karibu na kisanduku. Sikumwonea huruma hata kidogo. Huruma yangu yote ilikuwa kwa Anita na mtoto.

Ikabidi Kagure aje kutoka Gakindu. Hakuleta mganga. Alisema mtoto apewe jina lingine, la mama yake Anita, na mashine ibaki na lile ililopewa. Akambeba mtoto hadi dirishani.

"Shiro," akanong'ona.

Mtoto akageuka.

Mwai akachomoa waya. Tukangoja. Mtoto akaendelea kupumua, hata akatabasamu. Anita akalia kwa furaha, nami nikalia pamoja naye.

Na mnadhani Mwai alimshukuru shangazi? Alitoa kompyuta yake atuonyeshe kwamba ilikuwa shida ndogo tu, majina kugongana, na kwamba ameshalifuta lile la kisanduku. Akaliandika, Wachuka, ili tuone kuwa halijibu tena. Kisanduku kilikuwa sakafuni, hakina waya.

Jina likajibu.

Akasoma namba iliyojibu. Akaisoma tena. Akanitazama, na safari hii hakucheka.

"Hiyo ni simu yako," akasema.

Ilikuwa mkononi mwangu.

Sijaitumia tena. Niliizima, nikaitoa betri, nikaifukia ndani ya debe la maharagwe nyumbani kwangu Karatina. Sikumwambia mtu nilipoiweka. Jana Anita alikuja kunitembelea na mtoto, akamkalisha kwenye mkeka jikoni.

"Shiro!" nikamwita kwa furaha.

Hakugeuka. Alikuwa akilitazama debe la maharagwe, ameinua mikono yote miwili abebwe.