Usinunue Rangi Kigoma

"Kate, nikwambie mara ngapi? Usinunue rangi hapa Kigoma!"

Catherine alibana simu kwa bega, bisibisi mkononi, huku akifungua kifuniko cha tenki la gari la mchumba wake, uani Katubuka. Leo Jumanne, harusi Jumamosi, na gari la kumbeba bibi harusi bado lina shavu lililojaa puti ya kuziba mbonyeo, kama mtu anayeumwa jino.

"Kwani rangi ya Kigoma ina nini, Thobias? Ina malaria?"

"Wanachakachua. Inababuka. Kesho naifuata mwenyewe Kasulu."

"Kasulu! Na duka lipo Mwanga hapo, naenda na ndala?"

"Anayepaka ni mimi. Niko Ujiji kwa fundi nguo, nikirudi sitaki kusikia habari za rangi."

Akakata.

Mtu huyu hata chumvi huipigia jirani kelele juu ya ukuta ili asichoshe miguu. Leo anafuata rangi Kasulu! Catherine akamwandikia rafiki yake Regina. Jibu likaja kabla hajafuta jasho:

"Shoga, huko Kasulu hakuna rangi. Kuna mtoto wa watu."

Moyo ukamkaa vibaya. Akaamua: atainunua mwenyewe leo hii, ailete, ile safari ya Kasulu ikose kisingizio. Akatia kifuniko kwenye mfuko wa kitenge, akaondoka.

Duka la rangi lilikuwa la Mzee Elikana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiofungwa kwa chochote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bibi harusi."

"Umejuaje?"

"Mwanamke anayechagua rangi ya gari kabla ya rangi ya kucha, huyo harusi iko shingoni. Haya, unataka ipi?"

"Nyeupe. Ifanane na hii, isiachane hata chembe."

"Nyeupe ziko nyingi, mwanangu. Iko ya maziwa, iko ya ugali, iko ya macho ya mtu mwongo. Lete nione."

Catherine akacheka. Mzee akakipeleka kifuniko mwangani, akakigeuza. Akachukua wembe, akakwangua pembeni polepole. Utani wake ukakatika.

"Gari hili liliwahi kuwa jekundu, rangi ya damu ya mzee," akasema. "Ona kwa ndani. Huku aliyepaka nyeupe hakufika."

"Sijui, Mzee. Tulilikuta hivyo hivyo. Kwani haifai?"

Mzee akaweka wembe chini. Akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye tambara. Ilikuwa keria ya baiskeli, imepinda kama mkono uliovunjika, bado ina utelezi wa mawese. Kwenye chuma kilichochanika kulikuwa na gamba la rangi lililong'ang'ania. Juu nyeupe. Chini damu ya mzee.

Akaweka kifuniko kando yake.

"Kuna mama wa Kalinzi, anaitwa Yunisi. Mumewe, Bonaventura, alikuwa anapandisha mawese nyumbani kwa baiskeli. Gari likampiga kwenye kona, likaondoka. Waliompata walimpata jua limezama. Akafia mlango wa hospitali. Daktari akasema, angewahi saa moja tu..." Mzee akavuta pumzi. "Askari wakamwambia gari nyeupe mjini ni nyingi kama dagaa. Basi akaja kwangu na hii keria. Akaniambia, 'Mzee, aliyegonga atahitaji rangi.'"

"Lini?" Catherine akauliza, macho kwenye keria.

"Jumapili. Wiki ya tatu sasa."

Jumapili ya posa. Wajomba walikaa mpaka wakaanza kusinzia, wali ukaganda. Thobias akaja amechelewa, anatabasamu, bampa imebonyea, mlango mzima umetapakaa wekundu. "Dumu la mawese limedondoka kutoka lori la mbele yangu," alisema. Catherine mwenyewe ndiye aliyechukua brashi na sabuni ya unga. Maji yalitiririka mekundu uani, naye akatania, "Bwana harusi kaja na mboga yake!" Watu wakacheka.

Hapo dukani Catherine alianza kumwomba Mungu awepo kweli huyo mwanamke wa Kasulu. Awepo, tena awe na watoto. Awe hata na mapacha.

"Gari ni la nani, mwanangu?"

"La mchumba wangu. Liko uani, Katubuka."

Mzee akavua miwani. "Askari nitampigia, sikufichi. Ila nakupa mpaka adhana ya alasiri. Aliyejipeleka si sawa na aliyefuatwa. Kifuniko kinabaki."

Catherine alimkuta Thobias amesharudi, amechuchumaa uani, msasa mkononi, analainisha puti. Suti mpya ilining'inia kwenye kamba ya nguo.

"Ulikuwa wapi? Na kifuniko cha tenki kiko wapi?"

"Kwa Mzee Elikana."

Msasa ukasimama.

"Nilikwambia usinunue Kigoma."

"Sikununua. Thobias, yule mtu wa baiskeli ulimwona?"

"Mtu gani?"

"Thobias."

Thobias akakaa chini kwenye vumbi, mzima mzima.

"Nilisimama, Kate. Haki ya Mungu nilisimama. Nikashuka. Kioo kilikuwa kimejaa mawese, nikafuta."

"Ukafuta kioo."

"Alikuwa hai! Alikuwa anaita, 'Yunisi, Yunisi.' Nikajua yuko na mtu, huyo Yunisi yuko nyuma anakuja, atamsaidia. Na wewe ulikuwa unanipigia! Mara sita! 'Wajomba wamefika, unanitia aibu, uko wapi?' Nilikuwa nakimbilia kwako!"

"Nilikupigia, ndiyo. Ungeniambia umegonga mtu, ningewaacha wajomba na wali wao, nikaja kukaa naye barabarani."

"Maneno hayo unayasema leo."

"Labda. Lakini hukunipa nafasi ya kuyasema siku ile. Ulinipa brashi." Akamnyooshea mkono. "Yunisi hakuwa nyuma yake. Yunisi ni mkewe, alikuwa Kalinzi anamsubiri. Mzee anampigia askari adhana ikilia. Simama twende kituoni, mimi nitakushika mkono mpaka mlangoni. Ukitoka, hata baada ya miaka, tutaongea."

"Jumamosi tunaoana, Kate."

"Simama."

Thobias akamtazama. Akaitazama suti. Halafu akainuka kwa magoti, akaushika msasa, akaanza kusugua mlango. Akasugua kwa haraka, kwa mikono miwili, vumbi jeupe likimpanda nyusi.

"Thobias, unafanya nini?"

"Nyeupe ikitoka yote... hawataweza kulinganisha..."

Na kadiri nyeupe ilivyotoka ndivyo damu ya mzee ilivyochomoza chini yake, kwanza kama kiganja, halafu kama sinia. Catherine alisimama pale mpaka muadhini alipoanza. Alikuwa ameshajibiwa. Akafungua geti, akaliacha wazi.

Askari walimkuta bado anasugua.

Jumamosi, saa ambayo angekuwa kanisani, Catherine alishuka kwenye bodaboda Kalinzi, akaelekezwa nyumba. Mwanamke mwembamba alikuwa ameketi barazani anachambua maharage.

"Hodi, mama. Wewe ndiye Yunisi?"

"Ndimi. Karibu."

Catherine hakukaa. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimtoroka, yakabaki mawili matatu.

"Naitwa Catherine. Gari lile... mimi ndiye niliyeliosha. Nilidhani ni mawese tu."

Vidole vya Yunisi vikatulia ndani ya ungo. Kuku alikuja akadonoa harage moja, akaondoka, hakuna aliyemfukuza.

"Huyo mwanaume wako," Yunisi akasema mwishowe, "alikwambia kama mume wangu alisema kitu?"

"Aliita jina lako."

Yunisi akauweka ungo chini. Alitazama barabara inayopanda kutoka ziwani, kama mtu anayehesabu kona.

"Mara ngapi?"

Catherine akachuchumaa mbele yake. Hilo hakuwa amemuuliza Thobias.