Tochi Ndani ya Nguzo

Stendi ya Bariadi ilikuwa imefurika watu wa mnadani siku Ngusa alipomwona Pelagia kwa mara ya kwanza, kavaa gauni la kitenge cha njano na buti za kazi, begani kaning'iniza kamba ndefu yenye tochi mwishoni.

"Mwangaluka, dada. Unakwenda kuvua dagaa mchana huu?"

"Mwangaluka. Nakwenda Lamadi kukagua nguzo za daraja jipya."

Ngusa akacheka mpaka mabega yakamtikisika, maana foromani wa nguzo hizo alikuwa yeye mwenyewe.

Hawakuchelewa kupendana. Mchana Pelagia alishusha tochi ndani ya kila nguzo, bomba la chuma lililoshindiliwa topeni, kuona kama limenyooka. Jioni walikula sato wa kukaanga pamoja na Deogratias, kaka yake Pelagia. Ngusa ndiye aliyempa Deo kazi ya kumwaga zege, akijua anamfurahisha dada mtu. Kwao Nkoma, baba yake Ngusa alikwisha kutenga ng'ombe wa mahari.

Ijumaa simu ikaita.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Niko saiti, nakuwaza wewe na ugali wako mgumu."

"Ngusa, nisikilize. Nguzo tatu za upande wa ziwa, tochi inapotea katikati, sioni mwanga chini. Zimeanza kupinda. Kesho usimwage zege juu yake."

"Zipinde vipi? Zimegoma kwenye mwamba zile. Mapigo ya nyundo nimeyahesabu mwenyewe."

"Chini kuna mwamba, sawa. Katikati ni tope tupu, haliwezi kuzishika, na zenyewe nyembamba. Simamisha bua la mtama juu ya jiwe, ulikandamize, uone linapovunjikia."

"Kwa hiyo kazi siijui."

"Sijasema hivyo."

"Umeshaandika ripoti?"

"Nimeipeleka asubuhi."

Ngusa akakata simu. Mafundi wa nguzo wana ugonjwa mmoja: nyundo ikigoma, wanaamini kazi imekwisha. Ngusa aliongeza na wa pili, wa mwanamume aliyeshtakiwa ofisini na mwanamke anayempenda. Pelagia alipiga tena mara sita, hakupokea.

Ripoti ililala kwenye meza ya bosi aliyekwenda msibani. Jumamosi zege likamwagwa. Saa tano nguzo tatu zikakunjika ndani ya tope, bila hata kelele, jukwaa la wamwaga zege lililokuwa juu yake likainama na Deogratias akaenda nalo. Ngusa alichimba tope kwa mikono yake. Hakumtoa mzima.

Matanga yalipoanuliwa, Ngusa alikwenda Kiloleli, nyumbani kwa mama wa marehemu. Pelagia alitoka amejifunga kaniki, amekonda.

"Nimekuja kuomba msamaha," Ngusa alisema. "Na kama bado unanitaka, nimekuja kukuoa."

"Nimekusamehe. Na nakupenda, hilo sitakuficha. Ningekupigia kabla ya kupeleka ripoti, pengine ungenisikia."

"Basi tuanze upya."

"Mama atakuwa anakupakulia chakula, Ngusa. Kila ukija hapa, atakuwa anaitazama mikono yako." Machozi yakamshuka. "Siwezi kumfanyia hivyo."

Ngusa alitupa jicho jikoni. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, hachagui chochote. Ngusa akalia mbele yao wote wawili bila aibu. Pelagia aliingia ndani, akarudi na ile kamba yenye tochi, akamkabidhi.

Mwaka uliofuata zililetwa nguzo nyingine, nene maradufu. Ngusa hakuwa foromani tena. Aliomba kazi ya kibarua, akapewa. Kila bomba lililoshindiliwa aliliinamia, akashusha tochi mwenyewe. Alipomaliza la mwisho, alipiga namba ambayo hakuipiga kwa miezi kumi.

"Pelagia. Mwanga unaonekana."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini. Zote."

Akamsikia akivuta pumzi ndefu. "Asante, Ngusa," akasema, na simu ikakatika. Ngusa aliendelea kuinamia bomba, ameishika kamba, akiutazama ule mwanga.