Kitanda cha Bibi Kilichofungwa Magunia

Jirani zangu, wenye nyumba na wapangaji, nanyi mnaoota kununua kesho: nipeni masikio. Mengi ya haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kutoka kwenye kibaraza changu, mwanangu akiwa mgongoni.

Ilikuwa alasiri tulivu. Ng'ambo ya ua, Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua mchele. Wajukuu zake mapacha walijilaza mkekani wakifanya kazi za shule. Mmoja alikuwa akimsomea Bibi kwa sauti, na Bibi akajifanya hajaelewa ili asomewe tena. Jikoni, mama yao alikuwa akiimba. Ungepita pale ungesema, nyumba hii imebarikiwa.

Kisha simu ya baba yao ikalia.

"Wageni!" akapaza sauti. "Haya, haya, wageni!"

Msidhani ni wageni wa kupikiwa. Katika nyumba ile, wageni walikuwa wanunuzi. Mkeka ukakunjwa, ungo ukaingizwa kwenye buti la gari mchele ukimwagika, miswaki ikatupwa ndani ya ndoo, madaftari yakasukumwa chini ya kiti cha dereva. Mama Pacha akazima jiko chungu kikiwa kinatokota. Mnunuzi, kwa maelezo ya mumewe, hapendi kuona kwamba mtu anaishi mle. Anataka kujiona yeye. Bibi naye akavushwa ua akaletwa kwangu, kama kiti kinachopisha ufagio.

"Nipokee, mjukuu wangu," aliniambia siku hiyo. "Mimi ndiyo vumbi la nyumba hii. Wakija watu, nafagiliwa."

Tulicheka. Leo naona tulicheka mapema mno.

Huyo baba mtaa mzima ulimwita Bwana Vigae. Kazi yake ilikuwa kununua nyumba zilizochoka, kuzikarabati na kuziuza kwa faida. Mkono alikuwa nao, hilo silifichi. Alikuwa akiingia kwenye nyumba inayovuja, yenye popo darini, na akitoka ameacha sebule unayoweza kujitazama sakafuni. Ila ili asilipe kodi kwingine, aliihamishia familia yake ndani ya ukarabati wenyewe. Walilala kwenye vumbi la saruji, wakapikia chini ya turubai, wakaoga kwa zamu nyuma ya mbao. Jiko likishapata kabati na bomba likishatoa maji, nyumba inauzwa, nao wanahamia kwenye gofu jingine. Wale mapacha hawajawahi kukaa kwenye nyumba nzima. Walikaa kwenye nyumba inayotengenezwa tu.

Mtaji wa kwanza ulitoka kwa Bibi. Aliiuza nyumba yake aliyoachiwa na marehemu mumewe, akamkabidhi mwanawe. Ahadi ilikuwa moja: "Mama, chumba cha kwanza kinachopata jua la asubuhi ni chako, na hutahama tena." Kila nyumba Bibi alichaguliwa chumba. Kila nyumba aliulizwa anataka rangi gani. Na kila nyumba ilipokamilika, chumba kile kikawa ndicho kinachowavutia wanunuzi. Kitanda chake cha mninga kilikuwa kimefungwa magunia kizima, kutoka miguuni mpaka juu, kisikwaruzwe safarini, na magunia yale hayakuwahi kufunguliwa. Yalikuwa yakizeeka naye. Alikuwa akilala kwenye godoro chini, akikitazama.

Mama Pacha aliona, na hakunyamaza. Ua wetu ni wa mabati, na mabati hayafichi maneno.

"Mama yako atalala chini mpaka lini?"

"Tukiuza hii, inayofuata tunakaa."

"Uliyasema hayo kule kwenye nyumba ya bomba bovu. Ukayasema kule kwenye popo."

"Wewe mwanamke, unakula nini? Si unakula vigae hivi hivi?"

"Nakula vumbi, Baba Pacha. Vigae wanakula wengine."

"Basi rudi kwenu!"

"Nirudi nikiwa nimetokea wapi? Mtu anarudi kwao akitoka kwake. Mimi kwangu ni wapi?"

Sahani ikavunjika. Sikujua nani alimrushia nani. Nilimwingiza mwanangu ndani.

Mimi nilimshauri Mama Pacha avumilie kidogo, kwa sababu nyumba ile ilikuwa nzuri kweli na huenda mume angeipenda mwenyewe. Fahari yake kubwa ilikuwa milango. Aliichonga ya mbao ngumu, akaipaka vanishi mara kwa mara mpaka ikang'aa kama asali. Mpaka mlango wa stoo ya nyuma aliuchonga hivyo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bwana Vigae angewajibu: kwanza waupende mlango.

Siku ya mkasa wenyewe, mimi nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki. Geti langu lilikuwa limefungwa. Mama Pacha alikuwa kazini kwenye duka la viatu, mapacha shuleni. Dalali akapiga simu: mume na mke, pesa mkononi, wako njiani. Bwana Vigae akamshika mama yake mkono mpaka kwenye ua wangu, akakuta kufuli. Gari likawa limeshapiga honi nje.

Alichofanya, ndugu zangu, nakiandika nikiwa na uchungu, kama Bibi alivyokuja kunisimulia. Alimrudisha mama yake, akamwingiza kwenye stoo ya nyuma, ambako kitanda kile kilikuwa kimehamishiwa wanunuzi wasikione. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao likisubiri vioo. Madebe ya vanishi na thina yalikuwa yamepangwa pembeni, na mlango ulikuwa umetoka kupakwa asubuhi ile. "Mama, nyamaza kidogo tu, usiniharibie," akasema, akageuza ufunguo, akautia mfukoni.

Wanunuzi wakazunguka. Walifungua makabati, wakafungulia mabomba, wakasifu sebule. Mwishoni yule mke akafika kwenye mlango unaong'aa.

"Na humu?"

"Stoo tu hiyo, dada. Ufunguo amebaki nao fundi."

Walipendezwa. Wakataka kwenda kwa wakili saa hiyo hiyo waandaliwe mkataba wa kusaini kesho yake. Bwana Vigae akapanda gari lao kwa furaha, simu akaizima ili aonekane mtu wa heshima. Na ule ufunguo ukaondoka naye.

Nilirudi kutoka kliniki jua likiwa limeanza kuinama. Mama Pacha naye ndiyo alikuwa anaingia na mapacha. Alinisalimia juu ya ua, akacheka, "Nipe mzigo wangu basi. Leo amekusumbua?"

"Nani?"

"Bibi."

"Mimi nilikuwa kliniki, Mama Pacha. Bibi leo amekaa wapi?"

Sitasahau namna uso wake ulivyobadilika. Tuliita. Tukatafuta bafuni, jikoni, nyuma ya tangi. Pacha mmoja ndiye aliyebandika sikio kwenye mlango wa stoo, akasema, "Mama, humu kuna mtu anakohoa."

Ufunguo haukuwepo. Simu ya mume ilijibu kwamba haipatikani. Ukutani kulikuwa na mtaimbo wa kubomolea sakafu. Mama Pacha akaunyakua. Mwanamke mwembamba yule, aliyeuza viatu kutwa nzima kwa adabu, alipiga ule mlango wa asali mpaka ubao wa katikati ukapasuka na kitasa kikaning'inia. Harufu ya thina ikatupiga usoni. Nilimfunika mwanangu pua kwa kanga.

Bibi alikuwa amelala kitandani kwake. Magunia yote yalikuwa chini, kamba zimenyofolewa, kucha zake zimechanika. Moja alikuwa amelikunja likawa mto.

"Nimekifungua mwenyewe," alinong'ona. "Nilichoka kungoja."

"Mama, kwa nini hukupiga kelele?"

"Aliniambia nisimharibie. Nilipotaka kuita, pumzi ikakataa."

Tulimtoa nje tukamkalisha barazani, tukamlegeza nguo, jirani mwenye gari akaenda kuligeuza. Hapo ndipo Bwana Vigae aliporudi, soda mkononi, wanunuzi nyuma yake wakiwa na kamba ya kupimia madirisha. Aliona vipande sakafuni kabla hajaona kitu kingine.

"Nani amevunja mlango wangu?"

Mama Pacha hakuuweka chini ule mtaimbo. "Uliza kwanza nani alikuwa nyuma yake."

Yule mke mnunuzi akamwona mwanamke mzee barazani, mdomo umekauka, wajukuu wakimpepea kwa daftari. "Huyu ni nani?" akauliza.

Bibi ndiye aliyejibu, akivuta pumzi kati ya neno na neno:

"Mimi ndiyo ile stoo, mwanangu. Ile ambayo ufunguo amebaki nao fundi."

Yule mume mnunuzi akaikunja kamba yake taratibu. "Kaka, mimi pia nina mama," akasema. "Nikinunua hapa, nitalala wapi nisimsikie?" Wakaondoka. Dalali alimpigia Bwana Vigae akamtukana matusi nisiyoweza kuyaandika. Na kesho yake alishaieneza habari ile, wala madalali wengine hawakutaka tena kusikia jina lake.

Bibi alilazwa. Alipona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Akipanda ngazi mbili anasimama. Aliporudi, Mama Pacha alikuwa amekwisha kukipeleka kile kitanda kwenye chumba cha jua la asubuhi. Kile kibao cha NYUMBA INAUZWA alikuwa amekishusha mwenyewe, akakipigilia kwenye tundu la mlango wa stoo, maandishi yakiangalia ndani.

Hawajahama. Bwana Vigae siku hizi anakarabati nyumba za watu kwa ujira, jioni anarudi kwake. Anamfulia mama yake mashuka, anamshika mkono kwenda msalani. Ila tangu siku ile Bibi hajamwita tena "mwanangu". Anamwita Dalali.

"Dalali, nifungulie dirisha."

Naye huinuka akafungua. Mimi husikiliza kupitia mabati yale, kila asubuhi, nikitumaini neno litabadilika.

FUNZO

Kununua nyumba mbovu na kuifanya nzuri si dhambi. Ni kazi ya mikono na akili, na wengi wetu tungependa kuiweza. Dhambi ni pale watu wa ndani wanapogeuka uchafu wa kufichwa mnunuzi asiuone. Wazazi, msiuze paa lenu kwa ahadi ya mdomo, hata ya mtoto mliyemnyonyesha. Jina lenu liwemo kwenye paa jipya kwanza. Nasi vijana tunaotafuta, tukumbuke kwamba mama hangojei faida. Kabla hujapaka mlango vanishi, mfungulie kitanda chake.